Kampuni Ni ya Wapi? Makazi ya Kampuni na Milango ya Mahakama Kanda ya Ziwa

Septemba 2023 mgodi wa dhahabu wa Geita haukusogea hata hatua moja. Mashimo yalibaki palepale, na wasafiri kutoka Mwanza waliendelea kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo. Aliyehama ni mwenye mgodi. Kundi la AngloGold Ashanti, linalomiliki Geita Gold Mining Limited, lilikuwa na kampuni mama ya Afrika Kusini. Mwezi huo juu ya kundi zima ikawekwa kampuni mpya iliyosajiliwa Uingereza. Soko kuu la hisa zake likawa New York, na ofisi kuu ya uongozi ikapangwa Denver, jimbo la Colorado.

Mwekezaji akisoma habari kama hiyo huwaza kodi na bei ya hisa. Mtu anayeishi jirani na mgodi, kiwanda au bandari yoyote ya Kanda ya Ziwa ana sababu ya kuwaza jambo jingine. Siku akiwa na dai kubwa dhidi ya kampuni, atamfungulia kesi nani, na katika mahakama ya nchi gani? Binadamu huulizwa anaishi wapi na jibu likapatikana kwa mwenyekiti wa mtaa. Kampuni haina kitanda wala jiko. Sheria ndiyo inayoitafutia nyumba, na kila nchi hutafuta kwa namna yake.

Swali hili huonekana la kiufundi mpaka mtu afike kwenye pingamizi la awali. Hapo ndipo kesi nyingi dhidi ya kampuni kubwa hufia, kabla shahidi hata mmoja hajapanda kizimbani. Na ukizifuatilia kesi zilizotoka kandokando ya Ziwa Victoria kwenda London, Edinburgh na Toronto, unaona mfumo mmoja ukijirudia: kampuni imeruhusiwa kuwa na nyumba kadhaa, lakini katika kuchagua ni ipi itumike siku ya ugomvi, yenyewe ina nafasi kubwa kuliko anayeidai. Hapo ndipo mizani inapoinama, na hapo ndipo panapofaa kurekebishwa.

Cheti, kichwa na mikono

Kampuni kubwa ina anwani tatu ambazo mara nyingi haziko nchi moja. Ya kwanza ni ya cheti: nchi ambako msajili aliigonga mhuri. Ya pili ni ya kichwa: ofisi ambako wakurugenzi na watendaji wakuu hutoa amri na kupitisha bajeti. Ya tatu ni ya mikono: mahali kazi inapofanyika na madhara, kama yapo, yanapotua.

Kinachotatiza zaidi ni kwamba anwani hizi tatu kwa kawaida zimegawanywa kati ya kampuni tofauti. Tangu hukumu ya Salomon ya mwaka 1896 huko Uingereza, sheria tuliyoirithi inasema kampuni ni mtu kamili, tofauti na wenye hisa. Kampuni tanzu iliyosajiliwa nchini na BRELA, msajili wa kampuni, ni mtu mmoja, na kampuni mama iliyo ng'ambo ni mtu mwingine, hata kama ya pili inamiliki hisa zote za ya kwanza. Sheria yetu ya Makampuni ya 2002 inailazimisha kampuni ya nje inayofungua ofisi nchini kujiandikisha na kutaja mtu mkazi wa Tanzania atakayepokea hati za mahakama kwa niaba yake. Lakini kampuni ya nje inayoingia kwa kuanzisha kampuni tanzu hailazimiki hivyo, kwa kuwa kisheria yenyewe haipo nchini. Iliyopo ni tanzu yake.

Mlango wa nyumbani

Tuanze Mwanza, kwa sababu kesi nyingi huanzia na kuishia huko. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, iliyotungwa mwaka 1966 kwa kufuata nyayo za ile ya India, inasema shauri lifunguliwe pale mdaiwa anapoishi au kufanyia biashara, au pale ambapo chanzo cha madai, chote au sehemu yake, kilitokea. Kampuni inahesabiwa kufanya biashara kwenye ofisi yake kuu hapa Tanzania. Kama jambo limetokea mahali penye tawi lake, inahesabiwa kufanyia biashara hapo pia.

Kanuni hiyo ni rafiki kwa mtu wa kawaida. Mfanyabiashara wa Sengerema mwenye ugomvi na benki ya Dar es Salaam kuhusu akaunti iliyofunguliwa katika tawi la Mwanza halazimiki kusafiri hadi Pwani. Kama madai ni ya kibiashara na ni makubwa, Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu ina masjala Mwanza. Kama ni madogo, sheria inaagiza yaanzie katika mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kuyasikiliza. Hakuna anayeuliza kama mdai ni Msukuma na mdaiwa ni wa Kilimanjaro. Tanzania Bara ina mfumo mmoja wa mahakama, na hata Zanzibar, yenye Mahakama Kuu yake, hukutana na Bara katika Mahakama ya Rufani.

Ila ipo tofauti moja ambayo watu wa Ziwa wanapaswa kuijua: kampuni ikiwa ya serikali, njia inabadilika. Kampuni ya meli yenye makao makuu Mwanza, iliyojulikana kwa miaka mingi kama MSCL na sasa TASHICO, ofisi yake iko bandarini, karibu kuliko ya kampuni yoyote ya madini. Lakini tangu marekebisho ya mwaka 2020 katika Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, kampuni ambayo serikali ina hisa nyingi huhesabiwa pamoja na serikali yenyewe. Mdai hutoa notisi ya siku 90, humuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na hufungua shauri Mahakama Kuu. Kwa hiyo abiria mwenye dai la shilingi milioni chache dhidi ya meli binafsi anaweza kwenda mahakama ya wilaya, na mwenzake mwenye dai hilohilo dhidi ya meli ya umma akalazimika kusubiri miezi mitatu na kupanda ngazi. Hapa kinachoamua mlango ni mwenye hisa, si mahali.

Wamarekani na uraia wa kampuni

Nchi iliyolifikiria swali hili kwa muda mrefu kuliko nyingine ni Marekani, kwa sababu ina mifumo miwili ya mahakama: ya majimbo na ya shirikisho. Waasisi wake walihofu kwamba jaji wa jimbo angempendelea mwenyeji dhidi ya mgeni. Sheria ya mwaka 1789 ikafungua mahakama za shirikisho kwa kesi za watu wa majimbo tofauti, na kwa kesi kati ya raia wa Marekani na mgeni. Leo kiasi kinachodaiwa lazima kizidi dola 75,000. Mwaka 1806 Mahakama ya Juu iliongeza sharti gumu: asipatikane mdai hata mmoja mwenye uraia wa jimbo moja na mdaiwa yeyote.

Basi kampuni ni raia wa wapi? Mwaka 1809 majaji walisema watazame nyuma ya kampuni, kwa wenye hisa. Kadiri wenye hisa walivyosambaa, jibu hilo likafunga mlango kwa kampuni nyingi. Mwaka 1844 wakageuka: kampuni ihesabiwe kuwa ya jimbo lililoisajili. Jibu hilo nalo likazaa ujanja. Kampuni iliyofanya kazi zake zote katika jimbo moja iliweza kusajiliwa kwingine, kisha ikajiita mgeni mbele ya majirani zake. Mwaka 1958 Bunge likaamua kampuni iwe raia wa mahali pawili: iliposajiliwa na palipo makao yake makuu ya biashara. Ikabaki kujua makao makuu ni yapi. Mwaka 2010, katika shauri la Hertz, Mahakama ya Juu ilijibu kwamba ni pale ambapo viongozi wakuu huelekeza, husimamia na huratibu shughuli, hata kama mauzo mengi yako jimbo jingine. Kichwa kikaishinda mikono.

Waafrika Mashariki walilikuta somo hili kwa msiba. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka na kuua watu 157, 32 kati yao wakiwa Wakenya. Boeing, iliyoitengeneza, imesajiliwa Delaware, na wakati huo ofisi zake kuu zilikuwa Chicago. Familia zikaenda mahakama ya shirikisho ya Chicago. Novemba 2021 kampuni ilikubali kuwajibika kwa fidia, na kilichobaki kikawa kiasi. Mwaka uliofuata Boeing ilitangaza kuhamishia makao makuu Virginia, lakini kesi hazikuhama nayo, kwa kuwa uraia hupimwa siku kesi inapofunguliwa. Kanuni hiyo ndogo ina maana kubwa: anayedaiwa hawezi kufungasha mizigo katikati ya shauri.

Tuijaribu kanuni hiyohiyo kwa kampuni tuliyoanza nayo, kwa mfano wa kubuni tu. Kampuni iliyosajiliwa Uingereza yenye ofisi kuu Colorado, kwa sheria ya shirikisho ilivyorekebishwa mwaka 2011, ni raia wa Uingereza na wa Colorado kwa pamoja. Mtanzania akiidai, pande zote mbili zina mgeni, na kwa tafsiri inayofuatwa mlango wa shirikisho haufunguki kwa kigezo cha uraia. Anabakiwa na mahakama ya jimbo la Colorado, ambako kampuni ina makao, na hata huko jaji anaweza kusema nchi nyingine inafaa zaidi. Uraia wa mahali pawili, uliotungwa kuzuia ujanja wa kampuni, unaishia kumfungia nje mdai kutoka mbali.

London, Edinburgh, Toronto

Kanda ya Ziwa haijaishia kwenye mifano ya kubuni. Mgodi wa North Mara uko Nyamongo, wilayani Tarime, katika mkoa ambao kwa miaka mingi mashauri yake ya Mahakama Kuu yalikuja Mwanza kabla Musoma haijapata masjala yake. Mgodi huo umebadilisha wamiliki mara kadhaa. Mwaka 2006 Barrick ya Kanada iliununua kwa kuinunua Placer Dome. Mwaka 2010 uliwekwa chini ya African Barrick Gold, kampuni iliyosajiliwa Uingereza na kuuza hisa London, ambayo mwaka 2014 ikaitwa Acacia. Mwaka 2019 Barrick ilinunua hisa zilizobaki, na Acacia ikageuka Barrick TZ Limited. Baada ya makubaliano na serikali ikaja Twiga Minerals, ambamo Barrick ina asilimia 84 na serikali asilimia 16.

Mwaka 2013 wakazi waliodai kwamba wao au ndugu zao waliuawa au kujeruhiwa katika matukio ya mgodini walifungua kesi Mahakama Kuu ya London dhidi ya African Barrick Gold na tanzu yake ya Tanzania. Kampuni zilikana. Shauri liliisha kwa maridhiano mwaka 2015, nje ya mahakama. Mwaka 2020 kundi jingine lilifuata njia ileile ya London. Mlango huo ulikuwa wazi kwa sababu ya cheti: kampuni mama ilikuwa ya Uingereza. Wakati huo pia Uingereza ilibanwa na kanuni za Ulaya ambazo, tangu hukumu ya mwaka 2005, zilimkataza jaji kumkatalia mdai kwa hoja kwamba nchi nyingine inafaa zaidi, kama mdaiwa ana makazi Uingereza. Tangu mwisho wa 2020 Uingereza ilipojitoa kikamilifu, kinga hiyo haipo.

Mwadui, mkoani Shinyanga, wananchi 71 waliidai kampuni ya Petra Diamonds pamoja na tanzu yake ya wakati huo, Williamson Diamonds. Petra imesajiliwa Bermuda, lakini hisa zake ziko London, na kesi ilifunguliwa London. Mei 2021 kampuni ilitangaza maridhiano ya pauni milioni 4.3, yakijumuisha malipo kwa wadai, gharama za mawakili na miradi ya jamii, bila kukiri wajibu wa kisheria. Katika orodha ya kesi zetu hii ndiyo iliyofika karibu zaidi na fidia inayoonekana, na msajili wa Bermuda hakuwa kikwazo.

Ng'ambo ya ziwa, katika mashamba ya chai ya Kericho, mambo yalikuwa kinyume. James Finlay (Kenya) ilifanyia kazi zake Kenya, lakini ilisajiliwa Scotland. Wafanyakazi waliodai kuumia migongo kwa kazi ya kuchuma chai walifungua shauri la pamoja mahakama ya Edinburgh. Cheti kiliwafungulia. Kisha, mwaka 2023, majaji wa ngazi ya juu wa mahakama hiyo walisimamisha kesi ili kwanza utaratibu wa Kenya wa fidia ya ajali kazini utumike. Mlango ulifunguliwa na cheti, ukarudishwa na mikono.

Toronto ndiko somo lilipokuwa kali. Novemba 2022 Watanzania 21, wengi wao Wakurya, waliidai Barrick Gold huko Ontario, wakisema polisi waliopangiwa kulinda North Mara waliwaua ndugu zao au kuwajeruhi, na kwamba kampuni mama inabeba sehemu ya wajibu. Kampuni ilikana. Ofisi kuu ya Barrick iko Toronto, kwa hiyo kwa kipimo cha kichwa hapo ndipo nyumbani kwake. Hata hivyo, Novemba 2024 jaji wa Ontario aliamua kwamba mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, na hata kama ingekuwa nayo, Tanzania ndiyo mahali panapofaa zaidi. Linganisha na Nevsun, kampuni ya Vancouver iliyodaiwa na Waeritrea kuhusu mgodi wa Bisha. Mahakama za British Columbia zilikataa kuirudisha kesi Eritrea, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaruhusu shauri liendelee. Nchi ileile, sekta ileile, majibu tofauti.

Tofauti moja kati ya kesi hizi mbili ilikuwa hali ya mahakama za nyumbani. Mahakama ya Juu ya Uingereza ililigusa jambo hilo mwaka 2019 katika shauri la Vedanta, lililofunguliwa na wanavijiji wa Chingola, Zambia. Ilikubali kwamba Zambia ilikuwa mahali pa asili pa kesi, lakini ikairuhusu iendelee London kwa sababu wanavijiji maskini wasingepata mawakili na fedha za kuendesha shauri kubwa namna hiyo kwao. Kwa maneno mengine, jaji wa ng'ambo anapouliza kampuni ni ya wapi, anauliza pia kama nyumbani kwa mdai kuna mahakama inayofikika. Jibu la swali la pili liko mikononi mwetu.

Kampuni inapokuwa mdai

Kampuni inapodaiwa, nyumba zake huwa nyingi na za mbali. Inapodai, huijua vizuri ile inayofaa. Leseni ya kuhodhi eneo la madini ya nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea, ilipofutwa kufuatia mabadiliko ya sheria za madini, mwenye maslahi makubwa alikuwa Indiana Resources ya Australia. Hata hivyo, shauri dhidi ya Tanzania lilifunguliwa na tanzu zake, zikiwemo za Uingereza, kwa kutumia mkataba wa uwekezaji wa Tanzania na Uingereza wa mwaka 1994. Julai 2023 baraza la usuluhishi liliiamuru Tanzania ilipe dola milioni 109. Mwaka uliofuata pande mbili ziliridhiana kwa dola milioni 90. Kuchagua hivyo hakukuvunja sheria. Mwekezaji aliangalia vyeti vyake, akachukua kile kilichofungua mlango. Mkulima wa jirani na mgodi hana cheti cha pili cha kutoa mfukoni.

Kuna pia mlango unaofungwa kwa maandishi madogo. Viwanda vya Mwanza husindika minofu ya sangara kwa soko la Ulaya, na mabondo huenda Asia. Mzigo wa baharini husafiri na hati ya shehena, na nyuma ya hati hiyo mara nyingi pameandikwa kwamba ugomvi wowote uamuliwe London. Katika shauri la Sunshine Furniture dhidi ya Maersk (China) Shipping, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kifungu kama hicho kinawafunga waliokubali hati. Kwa kiwanda kikubwa chenye wakili, hiyo ni gharama inayohesabika. Kwa muuzaji mdogo ambaye kontena lake moja limeharibika, kusema dai lake liko London ni sawa na kusema halipo.

Viti viwili vya ndege moja

Kuna mahali ambapo dunia ilikubaliana kumaliza utata huu mapema. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam iliangukia ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 19 walifariki. Sehemu ya hisa za Precision inamilikiwa na Kenya Airways, lakini hilo haliifanyi kuwa kampuni ya Kenya. Makao yake ni Dar es Salaam.

Tuchukulie abiria wawili wamekaa viti jirani katika ndege ya namna hiyo. Mmoja alikata tiketi ya Dar kwenda Bukoba tu. Safari yake ni ya ndani, na dai lake linafuata sheria na mahakama za Tanzania. Mwenzake alianza safari Ulaya kwa tiketi moja inayoishia Bukoba. Safari yake ni ya kimataifa, na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imeridhia, unampa orodha ya milango: makazi ya shirika, makao yake makuu ya biashara, ofisi iliyouza tiketi, mwisho wa safari, na, kwa kifo au jeraha, nchi anakoishi abiria iwapo shirika linatoa huduma huko kwa masharti yaliyotajwa. Mdai ndiye anayechagua kati ya hiyo.

Ndani ya ndege moja, kwa ajali moja, mmoja anaweza kuwa na mlango mmoja na mwenzake milango kadhaa. Tofauti hiyo inaumiza, lakini orodha yenyewe ina hekima ya kuigwa. Inakubali kwamba kampuni ina nyumba zaidi ya moja, inazitaja zote kabla ya ajali, na inampa uchaguzi aliyeumia. Katika madini, mafuta na kilimo hakuna orodha ya namna hiyo. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Uganda kwenda Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, linapita Kagera na Geita upande wa magharibi wa ziwa. Kampuni ya bomba imesajiliwa Uingereza, TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yana asilimia 15 kila moja. Kesi ya kwanza huko Ufaransa kuhusu mradi huo ilitumia zaidi ya mwaka mmoja kubishania tu kama iende mahakama ya kiraia au ya biashara, mpaka mahakama ya juu ilipoamua Desemba 2021. Februari 2023 ilitupwa kwa kasoro za kiutaratibu. Anayetoka Missenyi na dai lake atabisha mlango gani, wa London, Paris, Kampala au Bukoba?

Tufanye nini na swali hili

Wapo wanaosema kampuni mama isiguswe. Hoja yao ina uzito: mwenye hisa hakuchimba shimo, na kila anayemiliki hisa akidaiwa kwa kila kosa la tanzu, hakuna atakayewekeza. Lakini hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Kuiita kampuni mbele ya jaji hakuihukumu. Mamlaka ya kusikiliza ni haki ya kuulizwa swali, na wajibu ni jibu la swali hilo. Kampuni mama ambayo haikuamuru chochote itashinda kwa ushahidi. Isishinde kwa kuwa haikufikika.

Wapo upande wa pili wanaosema mashauri ya Nyamongo hayana sababu ya kwenda Ulaya wala Kanada, kwa kuwa nchi ina heshima yake. Bunge letu mwaka 2017 lilikwenda njia hiyo, likiagiza migogoro ya mali asili iamuliwe na vyombo vya ndani. Roho ya sheria hiyo ni njema, lakini haijakamilika. Mashauri yakirudi nyumbani na kampuni mama ikabaki nje, tutakuwa tumemrudishia mdai nusu ya mdaiwa wake.

Hatua tatu zinawezekana bila kusubiri mkataba wa dunia. Ya kwanza ni kwenye leseni. Mwenye leseni kubwa ya madini, au mradi kama bomba, awe na sharti kwamba kampuni yake mama inakubali mamlaka ya mahakama za Tanzania kwa madai yanayotokana na mradi, na inataja BRELA anwani ya kupokelea hati za mahakama. Wajibu wa namna hiyo upo tayari kwa kampuni ya nje yenye ofisi hapa, na kuupandisha hadi kwa anayeshika kichwa si jambo geni. Ya pili ni taarifa. Tangu 2020 sheria inazitaka kampuni kueleza wamiliki wake wa kweli. Mdai mwenye shauri mahakamani apewe njia rahisi ya kupata taarifa hiyo, maana huwezi kumwita usiyemjua.

Ya tatu ni mahakama zenyewe. Muda wa kufungua dai la madhara ni miaka mitatu, na mtu aliyekaa miwili Toronto anaweza kurudi akakuta mlango wa nyumbani umefungwa. Sheria ya muda inatambua kuondoa siku zilizotumika kwa nia njema katika mahakama isiyo na mamlaka. Ingefaa iseme wazi kwamba hata mahakama za nje zimo. Mashauri ya pamoja yapewe kanuni zinazoeleweka, na msaada wa kisheria ulioanzishwa kwa sheria ya 2017 ufike kwenye kesi za madai kama hizi. Tangu 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama, jambo ambalo hakuna jaji wa Edinburgh anayeweza kumpa mchuma chai, wala wa Toronto mtu wa Tarime.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Uamuzi wa Toronto ulisema Tanzania ndiyo mahali panapofaa. Sasa ni juu ya Tanzania kuhakikisha kwamba shauri likifunguliwa Musoma, Geita au Mwanza, hati ya wito inaweza kumfikia anayetoa amri, popote alipoweka ofisi yake. Bila hivyo jibu la Ontario litabaki namna ya adabu ya kumwambia mdai aende zake.